Kiwambo cha Honi ya Msikitini

Ijumaa, 8 Machi
Mvua tangu alfajiri. Riziki amerudi chuoni Dodoma jana. Ameniachia daftari hili akasema, "Mama, andika chochote, hata mstari mmoja. Usikae tu unaangalia ukuta." Nimeangalia ukuta kwanza, kisha nimeandika haya.

Jumamosi, 9 Machi
Mvua.

Jumapili, 10 Machi
Leo nimeshika kazi, siku chache tu baada ya kumzika mume wangu, Rehani. Sikupanga. Hafidhi, mdogo wake marehemu, alikuja asubuhi akasimama barazani. Mimi niko ndani ya eda na yeye si maharimu yangu, kwa hiyo tunaongea pazia likiwa katikati, na mama mkwe amekaa mkekani kama hakimu.

"Shemeji, samahani kukusumbua. Honi ya msikitini imekufa, na keshokutwa huenda tukafunga. Wazee wamekuja kibandani, nikawaambia fundi hayupo tena. Wakasema, fundi mwingine si yuko nyumbani?"

Mama akasema, "Hebu mwacheni apumzike."

Nikasema ilete.

Rehani alikuwa na kibanda cha kutengeneza spika karibu na stendi ya Msamvu, lakini kazi ngumu alikuwa anarudi nazo nyumbani Kilakala, tunazifanya wote barazani jioni. Mimi nilikata karatasi, nilipaka gundi, nilishika taa. Miaka yote hiyo sikujiita fundi. Nilikuwa mkono wake wa pili.

Honi, ile spika ya mdomo mpana inayokaa juu ya mnara, haina karatasi pana kama spika ya redio. Nyuma yake kuna yuniti, na ndani ya yuniti kuna kiwambo, kuba dogo kama kifuniko cha chupa ya asali, lililoshikana na koili, waya mwembamba uliozungushwa. Kuba hilo ndilo linalotikisika na kutoa sauti. Koili ilikuwa imeungua, inanuka kama nywele zilizoungua.

Kwenye kopo la Rehani kulikuwa na viwambo viwili vinavyoingia. Kimoja cha kitambaa cha kahawia kilichogandishwa kwa gundi ya kiwandani hadi kikawa kigumu. Kingine cha bati jembamba, kipya, kinang'aa. Nilivigonga kwa ukucha kama alivyokuwa akifanya yeye. Cha kitambaa kikasema tup. Cha bati kikalia.

Nikawaza: masika yameanza, honi iko juu ya mnara, na ukungu wa mlimani unashuka kila asubuhi. Kitambaa hunywa unyevu, bati halinywi. Nikafunga cha bati. Nikagusisha betri ya tochi, kikajibu tik.

Jumanne, 12 Machi
Mfungo wa kwanza. Magharibi aliadhini Mzee Kibwana kama kawaida. Nimeisikia sauti yake tangu nilipoolewa mtaa huu. Ni sauti yenye vumbi kidogo, ya mtu anayeongea huku anatafuta mahali pa kukaa. Rehani akiisikia alikuwa anaacha kila kitu, hata chai ikiwa mdomoni.

Leo ilinichoma. Kila penye "sh" na "h" palitoka kama maji yakimwagikia kaango la moto.

"Mama, umesikia honi?"

"Inaita vizuri sana, mwanangu. Kula tende."

Hafidhi naye, nyuma ya pazia: "Safi kabisa, shemeji! Hadi Kigurunyembe wanaipata."

Basi ni masikio yangu. Tangu msiba hata kijiko kikidondoka naruka.

Ijumaa, 15 Machi
Nimesikia watoto wa jirani wanaiga adhana wakiwa wameziba pua, wanacheka. Mama yao akawakemea kwa sauti ya chini, "Nyamazeni! Nyumba hiyo ina msiba." Nimejiuliza cheko lile lina uhusiano gani na msiba wetu.

Jumatano, 20 Machi
Mvua usiku na mchana. Mlima hauonekani, kama vile umebebwa ukapelekwa kwingine. Nilimwagiza Hafidhi aniletee kile kiwambo cha kahawia kutoka kwenye kopo alilolirudisha kibandani, nikiangalie tena. Amesema kakiuza, pamoja na koili kuukuu, kwa fundi mmoja wa Dumila aliyepita kibandani.

"Kwani kulikuwa na shida, shemeji?"

"Hapana."

Ijumaa, 22 Machi
Futari ya mihogo. Sikumaliza.

Alhamisi, 28 Machi
Sasa anaadhini kijana, sauti nene. Mama anasema Mzee Kibwana anapumzika, ngazi za mnara zinateleza na mvua hii. Ni kweli mvua ni kubwa. Lakini ameshawahi kupanda ngazi zile katika masika makali kuliko haya.

Jumatano, 10 Aprili
Idd na arobaini ya Rehani vimeangukia siku moja. Nyumba haikujua ivae nini. Wanawake walisoma hitima ndani, nje watoto wanapuliza maputo. Pilau ya msiba na pilau ya sikukuu ni pilau ileile. Riziki alikuja akalala kwangu, akaondoka. Niliona ameanza kutembea kama baba yake, bega moja mbele.

Wote walionikumbatia waliniambia nimenawiri. Nimekonda hadi pete inavuka kifundo cha kidole.

Jumapili, 14 Aprili
Mvua.

Jumanne, 16 Aprili
Leo nitaandika mengi.

Alikuja Mwalimu Bernadeta, anayefundisha sekondari na kuongoza kwaya ya parokia. Ni mtu wa Songea, kahamia Morogoro mwaka jana, amepanga nyumba ile ya upande wa juu wa msikiti. Alileta spika ya besi ya kwaya. Stoo ya kanisa inavuja, na karatasi ya spika imelowana hadi ikawa laini kama andazi kwenye chai. Aliambiwa fundi amefariki na mke wake anaendelea. Kwa vile ni mwanamke, aliingia ndani, akakaa chini pamoja nasi, akanipa pole yake bila haraka. Kisha ikaadhiniwa alasiri. Akakunja uso.

"Mama Riziki, nisamehe, mimi ni wa kuja. Hiyo honi yenu imepatwa na nini?"

Mama mkwe akakohoa. Bernadeta hakuelewa kikohozi.

"Inanikata hapa," akagusa katikati ya macho. "Sina neno na kuamshwa, mimi mwenyewe naamka mapema. Lakini zamani yule mzee alikuwa ananiamsha. Sasa hivi nafukuzwa kitandani!"

"Mwalimu," mama akasema, "kunywa uji."

"Nakunywa, mama. Tena nilimkuta yule mzee sokoni, nikamuuliza mbona simsikii. Akasema sauti yake imeharibika kwa uzee. Watu walikuwa wanaicheka, akaona aibu, akawaachia vijana. Nikamwambia, mbona hapa unaongea vizuri tu? Akanishukuru, akaondoka na mchicha wake."

Nilihisi vitu viwili kwa pamoja, na sikujua nianze na kipi. Kwanza nafuu: kumbe masikio yangu ni mazima. Halafu kama mtu aliyekanyaga kifaranga gizani. Mzee wa watu ameshuka mnarani kwa sababu ya kibati nilichochagua mimi, na anadhani ni koo lake.

Bernadeta alipoondoka nikamwita Hafidhi barazani.

"Ulisema safi kabisa."

Nikasikia akiburuta ndara sakafuni.

"Hafidhi."

"Shemeji, mtaa mzima ulikuwa unajua. Siku ya tatu ya mfungo wazee walitaka kuishusha. Niliwaomba waiache."

"Kwa nini?"

"Ningekuambia nini? Kwamba kazi ya kwanza ya mjane imerudishwa?"

Nilikuwa nimemweka Hafidhi kwenye kundi la watu wasiojali. Anauza makava ya simu, spika kwake ni mzigo. Kumbe siku zote hizi alikuwa anasimama mlangoni mwa msikiti kuzuia neno lisinifikie. Nikashindwa hata kumkasirikia vizuri.

"Ni mimi niliyeagiza," mama akasema kutoka mkekani. "Mwenye eda haambiwi mabaya. Nilikuwa nakuona huli. Nikasema, huyu asiongezewe."

Hakuniangalia. Alikuwa anachambua mchele uleule aliokwisha kuuchambua asubuhi.

Alhamisi, 18 Aprili
Nimemtuma Hafidhi kwa Mzee Kibwana amweleze kwamba sauti yake haina ubaya, ubaya uko kwenye kiwambo. Alirudi upesi.

"Amesema ahsante. Amesema Mungu akulipe kwa kumfariji."

"Hakuamini?"

"Shemeji, wiki tano tumemwambia inaita vizuri. Leo aamini lipi?"

Ijumaa, 19 Aprili
Mvua. Barabara ya chini imejaa maji.

Jumatano, 24 Aprili
Hafidhi amepiga simu Kariakoo kwa watu watatu. Viwambo vya kitambaa vya ukubwa huo havipo, wote wanauza vya bati. "Ndivyo vinavyotoka, mama, vina kelele nzuri," mmoja kaniambia mwenyewe. Sikumlaumu. Bati si baya. Kwa gari la matangazo linalopita katikati ya pikipiki za Msamvu, bati ndilo linalofaa, maana linapenya. Lakini mzee kama Kibwana, asiye na meno ya mbele, hahitaji kupenyezwa, anahitaji kupunguziwa makali. Hilo nilipaswa kulisikia pale nilipovigonga viwili kwa ukucha. Nilisikiliza mvua badala ya kumsikiliza mtu.

Jumamosi, 27 Aprili
Fundi wa Dumila amepatikana. Kiwambo kile keshakifunga kwenye honi ya mnadani. Basi.

Jumatatu, 6 Mei
Nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauisaidii. Hata hivyo besi ya kwaya haiwezi kungoja, nimeanza.

Nilikuwa na karatasi mbili za kuchagua, au tuseme karatasi moja na plastiki moja. Plastiki haiogopi stoo inayovuja. Lakini ni nzito, na mwanamume akiimbia ndani yake anasikika kama ana tonge mdomoni. Karatasi ni nyepesi, inaitikia haraka, ila ikilowana imekwisha. Safari hii sikuiuliza hali ya hewa peke yake. Nilimuuliza Bernadeta kwa simu ni nani wanaoimba sauti ya chini. Akacheka. "Wazee wanne na bwana mmoja wa benki. Mmoja tu ndiye anayesikika." Nikachagua karatasi, nikaipaka nyuma gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, mara mbili, nyembamba, ili isinywe unyevu upesi.

Kukausha ndiyo kazi, jua hakuna. Nimechukua lile tenga dogo la kufukizia nguo udi, ambalo sina ruhusa ya kulitumia mpaka eda iishe, nikalifunika juu ya makaa mawili na karatasi ikakaa juu yake. Mama akapita, akasimama.

"Sasa unaifukiza spika?"

"Yenyewe haina eda, mama."

Akacheka. Kisha akajishika mdomo, kana kwamba cheko limemtoka bila ruhusa. Ndilo la kwanza ndani ya nyumba hii tangu Februari.

Jumanne, 7 Mei
Karatasi imekauka. Mvua ndogo.

Jumapili, 12 Mei
Bernadeta amekuja kuchukua besi yake. Nilimsimulia habari yote, kuanzia kiwambo mpaka Kariakoo mpaka Dumila. Akaweka kikombe chini.

"Honi ya zamani ya parokia iko stooni, tangu tuliponunua spika za boksi. Ndani yake kuna nini sijui."

"Sauti yake ilikuwaje?"

Akafikiri. Huyu mwanamke akiulizwa sauti hujibu kama mtu anayeulizwa ladha. "Kama mtu anayeongea akiwa amevaa sweta."

Nikasema ilete, hata kesho.

Jumatano, 15 Mei
Imeletwa, imejaa kinyesi cha popo. Bernadeta alimwomba paroko, naye akasema kama itamsaidia mzee kuita watu wakasali hana neno, ilimradi wasirudi kesho kuomba na kengele.

Nimefungua. Kahawia. Kitambaa. Koili nzima. Nikagusisha betri: tup. Nilikaa nayo mapajani muda mrefu. Nilitamani sana kumwita mtu aje aone, na yule ambaye ningemwita hayupo. Mama akaja. Haelewi viwambo, lakini alivaa miwani, akakitazama kwa makini, akasema, "Ni kizuri." Alijitahidi.

Jumatatu, 20 Mei
Wazee wa msikiti wamekubali honi ishushwe, lakini wanasema hakuna haraka, kijana anaadhini vizuri. Ni kweli, sauti yake nene inalistahimili bati. Hapo ndipo nilipoona jambo lenyewe: nikibadilisha kimyakimya, Mzee Kibwana hatarudi. Lazima asikie mwenyewe kwa masikio yake. Na mimi siwezi kumfuata.

Jumatano, 29 Mei
Mvua imeacha ghafla, kama mtu aliyesahau alichokuwa anasema. Mlima umerudi, kijani kibichi hadi kwenye miamba. Mama kasema atakwenda mwenyewe kwa Mzee Kibwana. "Niliuziba mdomo mtaa mzima," akasema, "wacha niufungue."

Jumamosi, 1 Juni
Wamekuja. Mzee alikaa barazani, Hafidhi pembeni yake, mama mkekani, mimi ndani nyuma ya pazia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ileile ya kutafuta mahali pa kukaa.

Nilikuwa nimeandaa yuniti mbili, moja ya bati, iliyoshushwa mnarani asubuhi, moja ya kitambaa, kila moja kwenye honi yake. Nilimwomba aseme maneno kidogo kwenye simu ya Hafidhi, tuyarekodi, tuyapitishe kwenye honi zote mbili.

"Siadhini nje ya wakati," akasema.

"Si adhana, mzee wangu. Sema chochote."

Akaishika simu mbali kama mtu aliyeshikishwa samaki. "Mimi ni Kibwana. Nimeletwa hapa ili hawa shangazi wanidanganye tena, kwa heshima zote."

Hafidhi alitaka kucheka, mama akamkata jicho.

Tukaanza na bati. Maneno yakatoka yakichubua. Mzee akageuka kutazama nyuma yake.

"Nani huyo?"

"Ni wewe, mzee," Hafidhi akasema.

"Ndiyo huyo niliyekuwa namsikia watoto wakimwiga."

"Ndiyo. Ni wewe kupitia bati nililoweka mimi," nikasema. "Sasa sikiliza hii."

Hafidhi akahamisha waya. Maneno yaleyale, mtu yuleyule, ila sasa alikuwa amekaa nasi barazani. Hata kutema kwake "shangazi" kulikuwa na utani ndani yake, utani ambao bati lilikuwa limeula.

"Rudia."

Hafidhi akarudia.

"Rudia tena."

Kupitia kitambaa cha pazia niliona kanzu yake tu, na mikono imelala magotini.

"Huyu namfahamu," akasema. Kisha: "Kwa nini hamkuniambia?"

Mama akajibu, "Tulikuwa tunamstahi mwenye eda, Kibwana."

"Na mimi mkanistahi hadi nikashuka mnarani."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana lilikuwa zito. Mama akavuta kanga akafunika nusu ya uso. Nikasema, "Nisamehe, mzee wangu. Kosa la kuchagua lilikuwa langu." Akasema, "La kuchagua ni dogo, mwanangu. Ungeniambia siku ileile ningekula daku yangu nikacheka."

Alikunywa chai. Kabla ya kuondoka alimwambia Hafidhi honi ya kitambaa ipandishwe. Kuhusu kurudi hakusema ndiyo wala hapana.

Alhamisi, 6 Juni
Honi imepandishwa. Anaadhini kijana.

Jumatatu, 10 Juni
Kijana.

Jumatatu, 17 Juni
Idd ya kuchinja. Baridi inashuka mlimani jioni. Kijana. Kuna mtu kasema sauti ya kijana sasa imezimika kidogo, kitambaa hakimpendi sana. Safari hii sikufichwa, mama ndiye aliyeniletea habari hiyo, akaongeza, "Nakuambia kama ilivyo."

Jumamosi, 29 Juni
Hafidhi analeta kazi barazani sasa bila kuomba samahani. Leo ametandaza twita mbili, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ya kuba la hariri na ya kuba la bati, za redio ya kinyozi. Akauliza ipi. Nikamuuliza kinyozi anapiga nini. "Taarabu, shemeji." Nikasema hariri. Akasema, "Nilidhani hivyo," na nadhani kweli alidhani.

Jumapili, 7 Julai
Eda imekwisha. Nimeoga, mama amenifukiza udi, nguo zote zinanukia na mimi bado sijazoea. Watu wataanza kuja alasiri. Nilikuwa nimekaa barazani, pazia limefungwa pembeni kwa kamba, naona barabara nzima hadi chini, wakati adhuhuri ilipoadhiniwa.

Alikuwa yeye.

Honi ilimtoa kama alivyo. Na kama alivyo ni mzee. Pumzi ilikatika pale ambapo zamani haikukatika, akaivuta, nikasikia anavyoivuta, akaendelea. Neno moja lilitetemeka hadi mwisho wake. Bati lilikuwa limeficha hata hilo.

Mama alisubiri amalize, kama inavyotakiwa.

"Kibwana amezeeka," akasema.

Miezi yote hii ningejibiwa, na ningejibu, kwamba hapana, bado.

"Amezeeka, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Alikunja kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena juu ya goti.

"Nimechoka, mwanangu," akasema. "Kila siku naamka nimechoka."

"Na mimi, mama."

Tukasogeleana kwenye mkeka, tukakaa hivyo mpaka mgeni wa kwanza alipopiga hodi.